Mama anaonja kila biskuti na kusema "sizo". Tumpeleke hospitali?

"Shikamoo daktari. Tunaishi Tanga mjini, Ngamiani. Mama yetu ana miaka 74. Tangu mfungo wa Ramadhani uliopita anaisaka biskuti aliyokuwa akila utotoni. Jina halikumbuki. Anasema zilikuwa za duara, zikikaa kwenye debe la buluu lenye kioo mbele, na babu, aliyekuwa kuli bandarini, alimnunulia kila siku ya mshahara. Mama mdogo, ambaye ana miaka 62, anasema debe lilikuwa jekundu na biskuti zilikuwa za mraba. Wakianza hapo, hawaongei tena mpaka magharibi. Tumenunua za kila aina. Kaka amevuka mpaka Mombasa, amerudi na paketi tisa. Mama anaonja, anaweka chini, anasema 'sizo'. Mpwa wangu alimwonyesha picha kwenye simu, akasema 'ndiyo hii hasa', kumbe ni debe la huko India. Jambo jingine: bei za zamani anazijua mpaka senti, lakini mwezi uliopita alibandika maharage akaenda kuzungumza kwa jirani mpaka yakaungua, na siku hizi ananiuliza jambo moja mara tatu. Ndugu zangu wanasema mtu anayekumbuka bei ya sukari ya wakati wa Mwalimu hawezi kuwa na tatizo la kumbukumbu. Mimi roho haijatulia. Je, biskuti hiyo ilikuwepo kweli? Na tumpeleke hospitali?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenitumia mambo mawili katika bahasha moja, na naona nyumbani kwenu yameshachanganyika yakawa jambo moja. Kuna biskuti, na kuna maharage. Biskuti ndiyo iliyowachosha na kuwamalizia nauli, basi nianze nayo. Maharage ndiyo yaliyonifanya nisome barua yako mara mbili.

Ugomvi wa debe la buluu na debe jekundu unatokana na imani ambayo karibu kila mtu anayo: kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyohifadhiwa kabatini, ukiitaka unaitoa kama ulivyoiweka. Kwa imani hiyo, kati ya mama na mama mdogo lazima mmoja awe mwongo au awe amechanganyikiwa. Lakini kumbukumbu haifanyi kazi hivyo. Kila unapokumbuka unajenga upya, kwa mabaki machache ya siku ile pamoja na vitu ulivyovipata baadaye. Mwingereza Frederic Bartlett alilionyesha hili mwaka 1932. Aliwapa wasomaji wa Kiingereza hadithi ya kale ya Wahindi Wekundu wa Marekani, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alijaza pengo kwa kitu alichokizoea.

Nawe jaribu hapo ulipo. Chukua kalamu uchore noti ya shilingi elfu moja bila kuitoa kwenye pochi. Mwalimu anatazama upande gani? Nyuma kuna jengo gani? Tarakimu kubwa iko kona ipi? Noti hiyo umeishika maelfu ya mara. Wamarekani walipofanyiwa jaribio kama hilo mwaka 1979, kwa sarafu yao ya senti moja, wengi walishindwa kuichora. Jicho hubeba kinachotosha kutambua, mengine linayaacha. Mtoto aliyesimama mbele ya kaunta na sumni mkononi alikuwa anatazama biskuti ndani ya kioo. Rangi ya debe ilimhusu nini?

Hapa nitakwambia ninachokishuku, nawe ukakihakikishe kwa wenyewe. Nadhani mama na mama mdogo hawazungumzii biskuti moja.

Mama kazaliwa mwaka 1951 hivi, mama mdogo 1963. Watu wazima wakiulizwa mambo ya maisha yao, kumbukumbu nyingi hurundikana kwenye miaka ya kati ya 10 na 30. Kwa mama yako ni kuanzia uhuru mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa mama mdogo rundo linaanza mwaka 1973, na dunia ya duka ilikuwa imeshageuka. Azimio la Arusha lilipita mwaka 1967, biashara kubwa ikashikwa na Serikali, halafu kwenye miaka ya 1970 zikaja RTC, yaani kampuni za biashara za mikoa, na maduka ya ushirika. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo kulikuwa na vita ya Kagera ya 1978 na 1979, foleni, mgawo, unga wa yanga, na watu kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mwaka 1983 ukawa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mtoto wa Tanga aliyekua humo alikula biskuti iliyopita kwa magendo upande wa Vanga, ikafika nyumbani kwa kunong'onezana, imetolewa kwenye paketi. Debe gani hilo la kioo atakalolikumbuka sawasawa na dada yake?

Kwa hiyo acheni kuwauliza "mwaka gani". Mwaka ni kitu kibaya sana cha kumuuliza mtu. Atakutajia uliomjia mdomoni. Uliza vitu vilivyofungamana na mwaka. Mlikuwa mnakaa barabara ya ngapi? Bibi mzaa bibi alikuwa hai? Ulikuwa umeanza kuvaa sare za shule? Na swali ninalolipenda kuliko yote: ulilipa kwa pesa gani? Ikiwa anakumbuka senti kumi yenye tundu katikati, ile ambayo watoto waliitunga kwenye uzi, hizo ni pesa za Afrika Mashariki, za kabla ya shilingi yetu ya 1966 na miaka michache iliyofuata zikiwa bado mikononi mwa watu. Ikiwa anakumbuka senti hamsini yenye sungura, au ishirini yenye mbuni, basi tumeshaingia kwenye pesa za Tanzania. Waulize mama na mama mdogo kila mmoja peke yake, mwenzake akiwa sokoni. Nitashangaa wakikutajia sarafu moja.

Sasa tuje kwenye "sizo", ambayo kwangu ina uzito kuliko rangi ya debe.

Ladha tunayoiita ya ulimi, sehemu kubwa ni ya pua. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Hayo mengine, kwamba hii ni vanila na ile ni nazi, ni harufu inayopanda kwa nyuma ya koo wakati unatafuna. Mwambie mpwa wako abane pua kwa vidole, afumbe macho, umpe pipi asiyoijua. Atasema "tamu" basi. Akiachia pua ndipo atakapopiga kelele kuwa ni ya ndizi.

Na harufu ina njia yake kichwani. Tunachokiona na tunachokisikia hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, ndipo kipelekwe kwingine. Harufu haipangi foleni hapo. Inatoka puani na kuingia karibu moja kwa moja kwenye majirani wawili: amigdala, inayoshughulika na hisia, na hipokampasi, inayosajili kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya udi inaweza kukurudisha kwenye harusi usiyoweza hata kutaja ilikuwa ya nani. Watafiti wamekuta pia kwamba kumbukumbu zinazoletwa na harufu ni za nyuma zaidi kuliko zile zinazoletwa na maneno au picha, nyingi za kabla mtu hajafikisha miaka kumi. Biskuti ya siku ya mshahara wa babu inakaa hapo kabisa.

Lakini harufu gani? Hebu lifikirie duka la wakati ule. Chumba kimoja, mlango wa mbao, kaunta iliyong'aa kwa viwiko vya watu. Chini kuna pipa la mafuta ya taa na pampu yake. Juu miche ya sabuni imekatwa kwa waya, haina karatasi. Pembeni magunia ya mchele, bizari, karafuu, tumbaku, kamba za katani. Na debe la biskuti, linafunguliwa mara hamsini kwa siku, muuzaji anachota kwa mkono uleule uliokata sabuni. Biskuti ina mafuta ndani yake, na mafuta hunasa harufu ya jirani. Kila mama anajua siagi ikilala karibu na kitunguu inakuwaje. Biskuti ya mama yako, mdogo wangu, ilikuwa na unga, sukari, mafuta, na duka zima. Hizo tisa za kaka zimetoka kiwandani zimefungwa kwenye plastiki, hazijawahi kulala chumba kimoja na sabuni. Ongeza kwamba viwanda vya biskuti vimebadilisha mafuta wanayotumia mara kadhaa katika miaka sitini, sehemu nyingi wakahamia mawese, na mafuta ndiyo yanayobeba harufu. Hata ukilipata jina, hata ukiipata kampuni ingali hai, huenda kilichomo kwenye paketi si kile.

Halafu kuna pua ya mama. Wakati ule alikuwa mtoto, leo ana miaka 74. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1984 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa kati ya miaka 65 na 80 uwezo wao wa kunusa umepungua sana, na wengi wao hawajui. Mtu hasemi "pua yangu imechoka". Anasema chakula cha siku hizi hakina ladha, kuku wa siku hizi si kuku, biskuti hizi sizo. Ukiona mzee anazidisha chumvi na sukari huku analalamika kila pishi limepoa, wazia pua.

Sasa niyarudie yale maharage. Mama aliporudi kutoka kwa jirani, alisikia harufu ya kuungua akiwa mlangoni, au aliuona moshi kwanza? Au aliambiwa na mtu? Fikiria vizuri, maana kusahau chungu jikoni ni jambo moja na kutosikia harufu ya chungu kinachoungua ni jambo jingine. Inawezekana biskuti na maharage yameshikana hapa, puani, mahali ambapo ninyi nyote hamkutazama.

Unaweza kumpima kwa urahisi. Afumbe macho, azibe tundu moja la pua, umletee karafuu iliyopondwa, kahawa, ganda la ndimu, sabuni, kimoja kimoja, bila kumwambia. Kisha tundu la pili. Akishindwa vingi, daktari aambiwe. Sababu ni nyingi na nyingine hazina makubwa: mafua sugu, ugoro au sigara, vinyama vya puani, korona aliyougua zamani. Kunusa kunapungua pia mwanzoni mwa maradhi ya Alzheimer, yale ya kusahau, na ya Parkinson, yale ya kutetemeka, lakini wazee wengi mno wenye pua dhaifu hawana hata mojawapo, kwa hiyo usilale macho kwa hilo peke yake. Kama nyumbani mnatumia mtungi wa gesi, hilo ndilo la kushughulikia leo hii: mtu asiyenusa asiachiwe yeye kazi ya kugundua kwamba gesi inavuja.

Picha za kwenye simu, wacheni. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na mwenzake waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza yalikuwa na kasi gani. Kwa wengine swali lilisema magari "yalipogongana", kwa wengine "yalipovaana". Waliosikia "yalipovaana" walitaja kasi kubwa zaidi, na baada ya wiki moja wengi wao kuliko wenzao walisema waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja la muulizaji limefanya hivyo. Picha nzima ya rangi, inayoshikwa na mjukuu mwenye hamu, itafanya nini? Tena mzee anaposema "ndiyo hii hasa", mara nyingine anatuonea huruma sisi tupumzike.

Mimi mwenyewe sijasalimika. Nimesimulia kwa miaka jinsi nilivyopanga foleni ya sukari na marehemu bibi mwaka 1979, jua limetuchoma, bibi amenifunika kwa upande wa khanga. Naiona ile khanga. Siku moja dada yangu akaniuliza mbele za watu: "Mwaka huo ulikuwa na miezi mingapi?" Nilikuwa nayo minne. Foleni ilikuwepo, khanga ilikuwepo, aliyefunikwa alikuwa yeye. Nilisikia hadithi mara nyingi mpaka nikaingia ndani yake.

Mkitaka kumsogeza mama karibu na biskuti yake, badala ya kutafuta paketi ya kumi, mrudishieni mazingira. Mwaka 1975 Godden na Baddeley wa Uingereza waliwafundisha wapiga mbizi orodha za maneno, nyingine wakiwa nchi kavu, nyingine wakiwa chini ya maji. Yaliyofundishwa chini ya maji yalikumbukwa vizuri zaidi chini ya maji. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Basi chagueni biskuti ya kawaida kabisa, isiyo na krimu wala chokoleti. Itieni kwenye kopo la bati usiku mbili, na kipande cha sabuni ya mche kikae ndani ya kopo hilohilo kimezungushwa karatasi, kisiguse biskuti. Mafuta ya taa msiyatie kabisa, hayo tuyaachie historia. Chai ipikwe kwenye mkaa, itiwe kwenye kikombe cha bati kama kipo kwa jirani yeyote, na mama akae chini kwenye mkeka badala ya kochi. Asiulizwe kama ndiyo yenyewe. Azungumze anachotaka. Siahidi kwamba atasema "ndizo". Ninachoweza kusema ni kwamba nimewaona wazee wakianza kutaja majina ya watu ambao watoto wao hawajawahi kuwasikia.

Sasa nije kwa ndugu zako na bei ya sukari, na hapa nitasema wazi kwamba wamekosea.

Kukumbuka ya zamani hakuthibitishi kuwa kumbukumbu ni nzima. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba ubongo unapoumia, ya karibuni ndiyo hupotea kwanza na ya kale hudumu. Sababu yake ni kwamba jambo jipya linategemea sana hipokampasi ili lisajiliwe, na katika Alzheimer sehemu hiyo huumia mapema. Jambo la miaka hamsini, lililosimuliwa misibani na vibarazani mara mia, limeshajichimbia njia nyingi kwingine ubongoni. Kwa hiyo mzee anaweza kukuhesabia mishahara ya bandarini ya 1962 na asijue kama amekula mchana. Na kwa haki, tuulizane pia: hizo bei nani amezihakiki? Anayetaja kwa uhakika hadi senti si lazima awe sahihi.

Vilevile usigeuke upande wa pili ukadhani kukosea rangi ya debe ni ugonjwa. Debe halina ushahidi wowote, huku wala huku. Mtazame mama kwenye wiki iliyopita. Anajua nani alikuja juzi? Anafuata hadithi ya tamthilia aliyoizoea? Chenji ya sokoni anairudisha sawa? Amewahi kupotea njia anayoipita kila siku, tuseme kutoka msikitini kurudi nyumbani? Pishi analolijua tangu usichana, anaruka hatua? Anatilia watu shaka kuwa wamemwibia vitu alivyoviweka mwenyewe? Chungu kimoja kuungua, hata mimi nimeunguza. Swali moja mara tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, hasa kama kati ya mara hizo tatu anauliza upya kabisa, bila kukumbuka kwamba aliuliza. Lakini kwanza hakikisha anasikia vizuri. Mzee asiyesikia jibu atauliza tena. Chukua daftari uandike kwa wiki mbili: tarehe, kilichotokea, saa ngapi. Daktari atalipenda daftari hilo kuliko maelezo ya ndugu saba wanaozungumza pamoja.

Kuna neno uliliandika kwa kupita tu: "tangu mfungo wa Ramadhani". Alifunga? Ana presha au kisukari? Dawa zake alizihamishia saa ngapi, na baada ya Idi alizirudisha? Sukari ikishuka au ikipanda sana inavuruga akili. Uliza pia kama kuna msiba au jambo lililotokea kipindi hicho. Mzee mwenye huzuni nzito anaweza kusahau kama mwenye maradhi ya kusahau, na huzuni inatibika. Sitaki kujifanya najua yaliyo moyoni mwa mama yako, ila mtu anayemtafuta muuza biskuti wa siku ya mshahara wa baba yake, mara nyingine anayemtafuta ni baba.

Kwa hiyo ndiyo, mpelekeni. Siyo mbio mbio, lakini mwezi huu. Anzeni Bombo, hospitali yenu ya mkoa, kwa daktari wa kawaida wa wagonjwa wa nje. Najua Tanga ukitaja daktari wa akili watu wanataja Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, papo hapo na kucheka. Lutindi ina kazi yake na inaifanya, lakini safari yenu siyo hiyo. Kinachotafutwa kwanza ni sababu zinazorekebishika: upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata hata baadhi ya wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, tezi ya shingo iliyolegea, maambukizi ya mkojo, kaswende ya zamani, Virusi vya Ukimwi, mtoto wa jicho. Na dawa. Piriton ambayo kila nyumba inayo, wanayomeza wazee ili walale, inapunguza kumbukumbu ikitumiwa mfululizo. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, nayo vilevile.

Atapimwa pia kwa maswali. Zamani vipimo hivyo viliwaonea wazee wetu kwa kuwa vilitungwa kwa waliosoma: andika sentensi, chora saa. Kipo kimojawapo, kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa hapahapa kwetu, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya watu ambao hawakukaa darasani. Mzee anatajiwa maneno ayarudie baadaye, anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na anaigiza umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Njiti za kiberiti mama yako anazijua. Katika Hai hiyohiyo, uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikuta kama 6 katika kila 100 wana demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoleta kusahau. Maana yake wengi hawana, na maana yake pia kwamba anayesema "ni uzee tu" au "ametupiwa" anakosea kwa wale 6, na anawachelewesha.

Msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo, ikiwa amebadilika ghafla, kwa saa au siku chache: asubuhi mzima, jioni haelewi alipo, au ana homa, au ameanguka na kujigonga kichwa, au mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki.

Kwa sasa msimnyang'anye jiko. Mwanamke wa Kitanga aliyepika miaka sitini ukimkataza jikoni unamwambia amekufa. Awepo mtu tu, mjukuu anayechambua mchele hapo pembeni anatosha. Akiuliza mara ya tatu, jibu mara ya tatu, kwa maneno yaleyale mafupi, bila ile "si nimekwishakwambia".

Umeniuliza kama biskuti ilikuwepo. Biskuti za kupimiwa kutoka kwenye debe zilikuwepo, kila mji wa pwani, na sina sababu ya kumtilia shaka mama yako kwamba mojawapo ilikuwa yake. Jina sitalitaja hata nikiwa na la kubahatisha, maana kesho mtamwambia "daktari amesema", naye atakubali, na tutakuwa tumempa biskuti yangu.

Siku ya kwenda Bombo, beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za kununua dukani bila cheti, za mitishamba, na zile zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Chungulia chini ya mto pia.